UZI: Chuma mwilini na ugonjwa wa moyo – jibu la feritini lisisomwe peke yake

Mwanamaabara

Wakuu, salaam. Hoja hii haifi: kwamba chuma kikizidi mwilini mtu anapata mshtuko wa moyo, kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu viachwe na damu itolewe mara kwa mara ili akiba ipungue. Inastahili uzi wake, maana kuna watu wanaacha dawa wanazozihitaji kwa sababu ya karatasi moja tu ya maabara.

Tuanze na hesabu. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma. Takriban theluthi mbili imo ndani ya himoglobini, na sehemu kubwa ya kilichobaki imehifadhiwa kwenye ini, wengu na uboho, ndani ya protini iitwayo feritini. Kwa siku tunapoteza miligramu 1 hadi 2 tu, hasa kupitia chembe zinazobanduka kwenye ngozi na utumbo, na mwenye hedhi hupoteza zaidi kidogo. Mwili hauna njia ya kukitoa chuma kilichozidi. Udhibiti wote uko mlangoni, kwenye utumbo mwembamba, na anayeufunga mlango huo ni hepsidini, homoni inayotengenezwa na ini.

Sasa wazo la moyo. Mwaka 1981 mtafiti wa Marekani, Jerome Sullivan, aliandika kwenye jarida la Lancet kwamba wanawake kabla ya kukoma hedhi huenda wanakingwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa sababu hedhi inapunguza akiba yao ya chuma. Mwaka 1992 timu ya Salonen huko Finland ikatoa matokeo ya wanaume 1,931: wenye feritini ya 200 (mikrogramu kwa lita) na kuendelea walikuwa na hatari ya mshtuko wa moyo mara 2.2 ya wenzao. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba chuma kisichoshikiliwa na protini huchochea kemikali haribifu za oksijeni, nazo huiharibu kolesteroli ya LDL ndani ya ukuta wa mshipa, na utando wa mafuta huanzia hapo.

Kwenye karatasi inashawishi kweli. Shida ilianza watafiti wengine walipojaribu kuirudia.

DktMapigo

Niendelee hapo ulipoishia, mkuu. Mwaka 1999 Danesh na Appleby walikusanya tafiti zote za kufuatilia watu zilizokuwepo na hawakuona uhusiano wa nguvu kati ya akiba ya chuma na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kisha likaja jaribio lenyewe la kutoa damu, FeAST, kwenye hospitali za maveterani wa jeshi la Marekani. Wagonjwa 1,277 wenye mishipa ya miguu iliyoziba waligawanywa kwa kura: kundi moja lilitolewa damu kila baada ya miezi 6 ili feritini ishuke kuelekea 25, jingine halikuguswa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Vifo havikupungua kwa kiwango cha kuaminika, wala mshtuko wa moyo na kiharusi vikijumlishwa na vifo. Wagonjwa wenye umri mdogo zaidi katika jaribio walionekana kunufaika, ila hilo lilitokana na kuchambua sehemu ya kundi. Linatosha kuanzisha utafiti mwingine, halitoshi kumtoa mtu damu.

Njia ya tatu ni vinasaba. Wapo watu waliozaliwa na vinasaba vinavyopandisha chuma kidogo maisha yao yote. Kama Sullivan alikuwa sahihi, hao wangepata ugonjwa wa mishipa ya moyo zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2017 ulionyesha kinyume: hatari yao ilikuwa ndogo kidogo. Mwaka 2018 ukaonyesha kwamba kiharusi kinachotokana na donge la damu kutoka moyoni kiliongezeka kwao. Kwa hiyo chuma si mzaha wala si sumu ya mishipa, na ukikiweka kwenye mizani na shinikizo la damu, sigara, kisukari na kolesteroli, hakifikii hata kimoja. Mtu mwenye presha ya 170/100 anayehangaika kushusha feritini yake anapigana na adui asiye wake.

BintiPongwe

Daktari, na nyama nyekundu? Tafiti za lishe zinasema chuma cha nyama kinahusiana na ugonjwa wa moyo, ila chuma cha mboga hakihusiani.

DktMapigo

Uhusiano huo umeonekana mara nyingi, ndiyo. Chuma cha nyama kinanyonywa asilimia 15 hadi 35 na hakisikilizi sana hepsidini. Cha mimea ni asilimia 2 hadi 20 na utumbo unakidhibiti vizuri. Lakini anayekula nyama nyingi anakula pia mafuta yake, chumvi yake, na soseji. Huwezi kukichomoa chuma peke yake katika sahani hiyo. Mwenye mishipa mibovu apunguze nyama ya mafuta na ya kusindika kwa sababu hizo zote kwa pamoja. Mjamzito mwenye damu 8 (himoglobini, gramu kwa desilita) asinyimwe maini kwa hofu hii, ingawa miezi mitatu ya kwanza aende nayo taratibu kwa sababu ya vitamini A.

Mwanamaabara

Nirudi kwenye karatasi, kwa sababu makosa mengi yanazaliwa hapo.

Feritini hupanda kwa sababu mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni akiba kubwa ya chuma. Ya pili ni uvimbe, yaani mwako wa ndani wa kinga ya mwili (inflamesheni), au maambukizi: malaria, TB, VVU visivyodhibitiwa, homa ya ini, ini lenye mafuta, pombe, kisukari, unene, saratani, hata nimonia ya wiki iliyopita. Na vingi kati ya hivyo vinaharibu mishipa ya moyo vyenyewe. Ndiyo maana tafiti za awali ziliona feritini kubwa ikiambatana na mshtuko wa moyo: feritini ilikuwa inahesabu uvimbe, siyo chuma peke yake.

Kwa hiyo feritini ipimwe pamoja na CRP, kipimo cha uvimbe huo, na pamoja na chuma cha seramu na TIBC, yaani uwezo wa damu kubeba chuma. Ukigawanya chuma kwa TIBC ukazidisha kwa 100 unapata ujazo wa transferini, protini inayobeba chuma kwenye damu, ambao karatasi nyingi huandika TSAT. Mfano: chuma mikromoli 8 kwa lita, TIBC 60, jibu ni asilimia 13. Huyo hana chuma cha kutosha kinachosafiri hata kama feritini yake inasoma 250. Kama maabara imetoa transferini kwa gramu badala ya TIBC, zidisha gramu kwa lita mara 25 upate TIBC ya kukadiria. Na ukikuta chuma kwa mikrogramu kwa desilita, gawanya kwa 5.6 upate mikromoli. Ukichanganya vipimo viwili hivyo unaweza kupata TSAT ya asilimia 70 ambayo haipo.

Damu ichukuliwe asubuhi kabla ya kula, kwa sababu chuma cha seramu hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Kidonge cha chuma kisimezwe saa 24 kabla. Sampuli iliyopasuka chembe wakati wa kuchomwa irudiwe, isisomwe. Anayeumwa homa leo asubiri apone kwanza, labda kama uamuzi hauwezi kungoja.

Mipaka ya WHO ya mwaka 2020 kwa mtu mzima: feritini chini ya 15 ni upungufu kwa asiye na uvimbe, na chini ya 70 kwa mwenye uvimbe au maambukizi. Kwa upande wa kuzidi, mashaka yanaanza juu ya 150 kwa mwanamke na 200 kwa mwanamume wenye afya. Kwa mgonjwa ni juu ya 500. Mashaka, narudia. Hatua inayofuata ni TSAT. Ikiwa zaidi ya asilimia 45 asubuhi kabla ya kula, na ikajirudia, hapo ndipo tunaanza kuzungumzia chuma kuzidi kweli.

Mfamasia_Nakuru

Nikazie hapo. Feritini 420, TSAT asilimia 24, CRP juu, vimeng'enya vya ini juu: tafuta mafuta kwenye ini, pombe, sukari. Feritini 420, TSAT asilimia 62 mara mbili: hilo ni jambo jingine, apelekwe kwa daktari wa damu. Tarakimu ni ileile, wagonjwa ni wawili tofauti.

MwalimuAnatomia

Kuna ugonjwa wa kurithi wa chuma kuzidi, himokromatosisi, unaotokana na mabadiliko kwenye kinasaba cha HFE kilichotambuliwa mwaka 1996. Wengi wenye mabadiliko ya C282Y ni watu wa asili ya Ulaya ya kaskazini, kwa Mwafrika ni nadra mno. Tiba yake ndiyo hasa kutolewa damu, mililita 450 hadi 500 kila wiki mpaka feritini ifike karibu 50. Kusini mwa Afrika, hasa Zimbabwe na Afrika Kusini, kuna sura nyingine: pombe ya nafaka iliyochachushwa kwenye madumu ya chuma. Uchachu wake unayeyusha chuma, na ini la mnywaji wa miaka mingi linajaa chuma. Kupikia mchuzi wa nyanya kwenye chungu cha chuma si kitu kama hicho. Kinaongeza chuma kidogo, na kwa wengi wetu huo ni msaada.

DktMapigo

Sasa upande ambao Afrika Mashariki unatuua zaidi: chuma pungufu.

Moyo ni msuli usiopumzika, na mitokondria zake zinahitaji chuma kutengeneza nguvu. Chuma kikipungua, msuli wa moyo unadhoofika hata kabla himoglobini haijashuka. Ndiyo sababu mgonjwa mwenye moyo ulioshindwa anaweza kuwa na damu 13 na bado akapungukiwa chuma. Kwenye utafiti wa wagonjwa wa moyo kushindwa uliofanywa Muhimbili na Makubi na wenzake, zaidi ya nusu walikuwa na upungufu wa damu, na waliokuwa na upungufu wa damu unaotokana na chuma ndio waliofanya vibaya zaidi.

Kipimo kwa wagonjwa hawa kina mipaka yake: feritini chini ya 100, au kati ya 100 na 299 kama TSAT iko chini ya asilimia 20. Watu hushtuka kuona 90 ikiitwa pungufu wakati maabara imeandika kawaida. Sababu ni uvimbe wa ugonjwa wenyewe, unaopandisha feritini huku chuma kikifungiwa ghalani. Binafsi nikilazimika kuchagua tarakimu moja kwa mgonjwa wa moyo, nachukua TSAT.

Na hapa vidonge havifui dafu. Jaribio la IRONOUT la mwaka 2017 lilitoa miligramu 150 za chuma mara mbili kwa siku kwa wiki 16, uwezo wa mazoezi haukubadilika. Utumbo wa mgonjwa huyu umevimba maji na hepsidini yake iko juu. Chuma cha mshipani ndicho kilichosaidia, kuanzia jaribio la FAIR-HF mwaka 2009, kisha AFFIRM-AHF 2020 na IRONMAN 2022: pumzi inapata nafuu, maisha yanakuwa mepesi, kulazwa kwa sababu ya moyo kunapungua. Kuhusu vifo ushahidi bado hauna nguvu. Jaribio kubwa la HEART-FID la mwaka 2023 halikutoa jibu zuri kama tulivyotaka. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya unakipendekeza kwa wenye moyo unaosukuma kwa nguvu pungufu, wenye dalili na upungufu wa chuma.

Muuguzi_Mkunazini

Upande wa wodi, tafadhali msiruke haya.

Chuma karboksimaltosi, aina mojawapo ya chuma cha mshipani: kwa dripu mgonjwa asipewe zaidi ya miligramu 1,000 kwa mara moja, wala zaidi ya miligramu 20 kwa kilo. Miligramu 1,000 huchanganywa kwenye mililita zisizozidi 250 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, zikapita kwa dakika 15 au zaidi. Mwenye kilo 35 hadi 69 na damu 10 hadi chini ya 14 anahitaji jumla ya 1,000. Damu chini ya 10, jumla 1,500. Kuanzia kilo 70 ni 1,500 na 2,000 kwa mpangilio huohuo. Dozi inayobaki itolewe baada ya wiki moja au zaidi.

Hospitali nyingi zina chuma sukrosi. Hicho ni miligramu 200 kwa mara moja, mwisho mara 3 kwa wiki, ndani ya mililita 100 hadi 200 za maji ya chumvi, dakika 30. Anayetaka kumaliza 1,000 kwa siku moja ili mgonjwa asirudi anamtafutia presha kuanguka.

Usichanganye na dekstrosi (maji ya sukari). Hakikisha kanula iko ndani ya mshipa kweli, kwa sababu kikivuja chini ya ngozi kinaacha doa la kahawia linaloweza kudumu miaka. Mgonjwa akae chini ya uangalizi dakika 30 baada ya kumaliza, adrenalini iwe karibu. Maumivu ya kifua au mgongo dakika za mwanzo bila presha kushuka wala uvimbe wa uso: simamisha, subiri, mara nyingi yanaisha ndani ya dakika chache na unaweza kuanza tena polepole. Ngozi ikitoka vipele na pumzi ikabana, huo ni mzio, usirudie.

Karboksimaltosi inaweza kushusha fosfeti. Mgonjwa akirudi wiki mbili baadaye amechoka kuliko mwanzo, mifupa inauma, pima fosfeti kabla hujamwongezea chuma kingine.

KijanaWaMwanga

Muuguzi, na mgonjwa mwenye damu 4 aliyevimba miguu? Hapo tunaanza na chuma au na damu?

Muuguzi_Mkunazini

Damu, kaka, na polepole. Moyo wake tayari unakimbia kufidia. Ukimjaza haraka mapafu yanajaa maji. Chembe nyekundu zilizochujwa, chupa moja moja, ipite hadi saa 4 lakini isizidi saa 4 tangu itoke kwenye jokofu la damu. Furosemidi, dawa ya kukojoza maji, miligramu 20 hadi 40 kwa mtu mzima kama dalili za moyo zipo. Pumzi na mapafu vikaguliwe kila nusu saa. Chuma kinafuata akishatulia, pamoja na kutafuta damu ilikopotelea: minyoo ya safura, hedhi nzito, vidonda vya tumbo, na kwa wagonjwa wetu wa moyo, aspirini na wafarini, dawa za kuzuia damu kuganda, wanazomeza kila siku.

Mfamasia_Nakuru

Kuhusu choo cheusi: kidonge cha chuma kinafanya choo kuwa cheusi au kijani kilichokolea, kigumu. Damu ya tumbo inatoa choo cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu kali. Anayemeza wafarini na chuma pamoja aelezwe tofauti hiyo siku ya kwanza, siyo siku amezirai.

Vidonge kwa asiye na moyo ulioshindwa: ferasi salfeti ya miligramu 200 ina chuma chenyewe miligramu 65. Kimoja kwa siku kinatosha. Hepsidini hupanda baada ya kidonge na kubaki juu takriban saa 24, hivyo cha pili jioni kinafungiwa nje na kubaki tumboni kikileta kichefuchefu. Anayesumbuka ameze siku moja, aruke moja. Mjamzito afuate ratiba ya kliniki, chuma miligramu 30 hadi 60 na foliki asidi mikrogramu 400 kila siku.

Chai na kahawa zikae mbali angalau saa moja. Walio kwenye dolutegravia, dawa ya VVU, wameze dawa hiyo saa 2 kabla ya chuma au saa 6 baada yake, ama vyote pamoja na chakula. Antibiotiki za sipro na doksi, dawa ya tezi na methildopa ya presha nazo hazipatani na chuma kwa wakati mmoja. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ikitumiwa miezi mingi inapunguza unyonywaji.

BintiPongwe

Naomba tusiwasahau wenye selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara. Kwao chuma kinazidi kweli.

DktMapigo

Asante dada, hao ndio kundi ambalo hofu ya chuma na moyo inawahusu moja kwa moja. Chupa moja ya damu ina miligramu 200 hadi 250 za chuma. Chupa 20 ni gramu 4 hadi 5, yaani mwili umepewa akiba ya mtu mwingine mzima na hauna pa kuitolea. Transferini ikishajaa, chuma kinachobaki kinaelea na kuingia kwenye msuli wa moyo kupitia njia za kalsiamu. Matokeo ni mapigo kwenda mrama na moyo kushindwa, na kwa wagonjwa wa thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, moyo ndio umekuwa muuaji mkuu. Kwenye selimundu moyo huchelewa kujaa kuliko thalasemia, lakini ini halichelewi.

ECHO, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, inaweza kuwa nzuri mpaka mwishoni. Kipimo chenyewe ni MRI ya T2*, picha ya sumaku inayokadiria chuma moyoni: chini ya milisekunde 20 chuma kimeingia moyoni, chini ya 10 ni hatari kubwa. Ndugu zetu walioko Oman, ambako thalasemia na selimundu zote ni za kawaida, waulizie kipimo hiki kwa jina. Pasipo MRI, hesabu chupa zote ziandikwe kwenye daftari la mgonjwa, feritini ipimwe kila miezi 3, na dawa za kuondoa chuma zianze baada ya chupa 10 hadi 20 au feritini ikivuka 1,000.

Desferioksamini ni miligramu 20 hadi 50 kwa kilo chini ya ngozi, saa 8 hadi 12, usiku 5 au zaidi kwa wiki. Masikio na macho yapimwe kila mwaka. Deferasiroksi ni ya kumeza, figo na ini vikaguliwe kila mwezi. Deferiproni, miligramu 75 kwa kilo kwa siku, inausafisha moyo vizuri, ila inaweza kuzima chembe nyeupe: homa au koo kuuma, acha dawa na pima siku hiyohiyo. Vidonge vya vitamini C vya miligramu 500 au 1,000 visitumiwe kabisa na mgonjwa aliyejaa chuma bila dawa ya kukiondoa, maana vinakitoa ghalani na kukipeleka moyoni. Chungwa la kawaida halina neno.

Na haidroksiyurea, dawa ya selimundu inayopunguza haja ya kuongezewa damu, ipewe nafasi yake. Kila chupa ya damu iliyoepukwa ni miligramu 200 ambazo hazitahitaji kutolewa.

MwalimuAnatomia

Na wachangiaji damu? Kuna tafiti kutoka Finland zilizosema wanapata mshtuko wa moyo kidogo.

Mwanamaabara

Zipo, lakini mchangiaji anachujwa kabla ya kutoa: hana presha kali, hana kisukari cha sindano, anatembea hadi kituoni. Wenye afya wanalinganishwa na kila mtu. Changieni damu kwa sababu wodi ya wazazi inaihitaji. Mwanamume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Mwanamke anayechangia mfululizo apime feritini, kwa sababu himoglobini inaweza kusoma vizuri huku akiba imekwisha.

KijanaWaMwanga

La mwisho kwangu: baada ya dripu ya chuma feritini ipimwe lini? Kuna majibu ya 900 yanayorudi wiki moja baadaye na mgonjwa anaambiwa chuma kimemzidi.

Mwanamaabara

Wiki ya kwanza jibu hilo halina maana, ni dripu yenyewe inayosomeka. Himoglobini ipimwe baada ya wiki 4. Feritini na TSAT zisubiri wiki 8 hadi 12, na kwa mgonjwa wa moyo zirudiwe mara moja au mbili kwa mwaka. Andikeni tarehe ya dripu kwenye fomu ya kuomba kipimo. Maabara haiwezi kuikisia.